Mtoto, Hadithi ya Kutisha na Sinema Yake



Watoto hupenda kutishwa. Bibi zetu walilijua jambo hili, ndiyo maana walisimulia habari za zimwi jioni, watoto wakiwa wamebanana karibu na moto na karibu na watu wazima. Siku hizi mtoto hutishwa na televisheni au simu, na mara nyingi yuko peke yake. Kabla mama hajakataza au kuruhusu, yafaa ajiulize: je, hofu ya kusoma na hofu ya kutazama ni kitu kimoja? Tuchukue hadithi fupi mbili za Uingereza zinazojulikana sana, pamoja na sinema iliyotokana na mojawapo.

NDEGE WA KITABUNI

Mwaka 1952 Daphne du Maurier alitoa hadithi iitwayo "The Birds", yaani Ndege. Nat Hocken ni kibarua wa shamba huko Cornwall, ana mke na watoto wawili, Jill na Johnny. Usiku mmoja wa Desemba upepo unageuka, baridi inaingia, na ndege wadogo wanavamia chumba cha watoto. Kunapokucha kuna ndege kama 50 waliokufa sakafuni. Kuanzia hapo, hadithi imejaa kazi za nyumbani: kupigilia mbao madirishani, kuwasha moto ili ndege wasishuke kwenye dohani, kuhesabu chakula na mishumaa, kumpokea Jill anapotoka shule. Redio inatangaza hali ya hatari kwa nchi nzima. Baadaye redio nayo inanyamaza. Ukimya huo unatisha kuliko midomo ya ndege, maana familia inatambua kwamba hakuna anayekuja kuwasaidia.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka saba tu kabla ya hapo, na Nat mwenyewe anakumbuka mabomu yalivyoupiga mji wa Plymouth. Sisi tunaosema Kiswahili tunaielewa maana hiyo upesi, kwa kuwa kwetu ndege wa mtini na ndege ya vita ni neno moja.

NDEGE WA SINEMA

Mwaka 1963 Alfred Hitchcock aliitengeneza sinema yenye jina hilohilo, lakini aliihamishia Bodega Bay, California, na kuibadili karibu yote. Kibarua na familia yake hawamo. Badala yao yumo Melanie Daniels, msichana wa kitajiri, na mwanasheria Mitch Brenner, na muda mrefu unatumika kwa habari za mapenzi kabla hofu haijapamba moto. Hakuna muziki wa kusindikiza matukio, ila sauti za ndege tu, na nyingi kati ya hizo zilitengenezwa kwa chombo cha umeme.

Hata hivyo sinema ina jambo moja ambalo kila mama atalishika. Lydia, mama yake Mitch, ni mjane anayeogopa kuachwa peke yake. Ndege wanaivamia nyumba yake, naye anaokota vikombe vilivyovunjika. Baadaye anakwenda kwa jirani mkulima, anaingia jikoni, na anaona vikombe vinaning'inia kwenye misumari yake, vimebaki vishikio tu. Hakuna aliyesema neno, lakini yeye ameshaelewa, na sisi pia. Anapoukuta mwili wa jirani, anakimbia nje mdomo wazi, sauti haitoki. Hapo kamera imefanya kazi ambayo maneno mengi yangeiharibu.

Lakini sinema ina gharama yake. Tippi Hedren, aliyeigiza Melanie, alirushiwa ndege hai kwa siku kadhaa ili ipatikane picha ya dakika chache, na akajeruhiwa karibu na jicho. Mwambieni hivyo kijana anayedhani kila kitu kwenye sinema ni mchezo.

MAMA NYUMA YA MLANGO

Hadithi ya pili ni fupi zaidi, nayo inauma zaidi. Ni "The Monkey's Paw" ya W. W. Jacobs, iliyotoka mwaka 1902. Askari analeta kutoka India mkono mkavu wa tumbili unaotimiza maombi matatu. Bwana White anaomba pauni 200. Kesho yake mwanawe Herbert anashikwa na mashine kazini na kufa, na kampuni inaleta fidia: pauni 200. Baada ya mazishi mama anamlazimisha mumewe aombe mtoto arudi. Usiku mlango unagongwa. Mama anahangaika na komeo la juu asilolifikia. Baba anapapasa gizani akitafuta ule mkono ili aombe ombi la mwisho. Mlango unapofunguliwa, njia ni tupu.

Msomaji haoni kitu chochote. Hadithi hii imefanywa sinema zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 1933 na 1948, lakini nguvu yake yote imo katika mlango uliofungwa. Na mama yule si mpumbavu. Wengi wetu tumezika, na tunajua jinsi uchungu unavyosema, "Ningetoa chochote arudi." Wanaouza hirizi nao wanajua, ndiyo maana huja mapema msibani.

TUFANYEJE NYUMBANI?

Mtoto anaposoma, picha inatoka kichwani mwake mwenyewe, na akizidiwa anafunga kitabu. Anapotazama, picha imetengenezwa na mtu mzima kwa ajili ya watu wazima, nayo ikishaingia haitoki kwa urahisi. Kwa hiyo:

Sinema ya kutisha uitazame wewe kwanza. Usitegemee maneno ya jirani.

Hadithi msomee kwa sauti, mchana au jioni mapema, kisha muulize: "Wewe ungefanya nini?" Mtoto anayepanga jinsi ya kuziba madirisha pamoja na Nat hajisikii mnyonge.

Kijana mkubwa mruhusu kutazama sebuleni, wala si chumbani peke yake na simu.

Na mtoto akija kitandani kwako usiku akisema anaogopa, usimcheke wala usimwambie aache ujinga. Msogezee nafasi. Asubuhi muulize alichokiona, naye atakuambia.