Kiatu cha Porini Hakichaguliwi kwa Macho

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Leo, kwa heshima zote, nataka kulipinga neno hilo pale watu wanapoliingiza katika viatu. Mkulima huenda akalima kwa jembe lolote, lakini mwindaji asiyechagua kiatu atarudi nyumbani akibebwa.

Nasema haya kwa sababu yamenifika mlangoni. Mpwa wangu alipata kazi ya kubeba mizigo ya wawindaji upande wa Tanzania, ambako uwindaji wa leseni unaruhusiwa. Sisi huku Kenya tuliufunga mlango huo Mei 1977. Kijana alikuja kuniaga akiwa amevaa mabuti mapya yanayong'aa kama kioo.

"Mjomba, wayaonaje?" akaniuliza.

Nikamwambia ni mazuri. Hilo ndilo kosa langu, kwani niliyatazama kwa macho tu. Siku ya tatu porini soli zote mbili zikabanduka. Akazifunga kwa kamba, akaendelea kutembea. Visigino vikachubuka, malengelenge yakapasuka na kutunga usaha. Kazi akaikosa, na mshahara wa msimu mzima ukaenda zake.

Tulipoyakagua tukaona siri yake. Hapakuwa na uzi hata mmoja uliopita katika soli. Ilikuwa gundi tupu. Tena soli yenyewe ilimomonyoka mikononi kama mkate mkavu. Wengi hawajui kwamba baadhi ya soli nyepesi za povu la plastiki huharibika kwa joto na unyevu hata zikiwa ndani ya boksi, hazijavaliwa. Na hapa pwani, joto na unyevu ndiyo hewa tunayovuta. Basi kabla ya kulipa, kunja soli na uibonyeze kwa kidole gumba. Ukiona nyufa, mwachie mwenye duka mali yake. Tafuta soli nene ya mpira, isiyopenywa na mwiba wa mgunga, iliyoshonwa kwa uzi. Ikilika, fundi viatu ataibandua na kukushonea nyingine.

Marehemu ami yangu aliwinda paa na kanga katika pori la nyuma ya Malindi kabla ya katazo hilo. Yeye alikwenda kununua viatu baada ya sala ya Alasiri, soksi zake nzito zikiwa mfukoni. Tukimcheka, hujibu kwamba mguu huvimba kutwa, na kiatu kinachokutosha asubuhi kitakubana jioni. Alitaka vidole vicheze mbele na kisigino kitulie nyuma, na ngozi ivifunike vifundo. Kisha aliyavaa mabuti yake shambani wiki kadhaa kabla ya kuingia nayo porini. Yakilowa, hakuyaweka karibu na moto, maana ngozi hukakamaa na kupasuka. Aliyajaza magazeti na kuyaacha kivulini. Na kila asubuhi aliyakung'uta kabla ya kuyavaa, kwani nge naye hupenda nyumba yenye giza.

Wala usidanganywe na mabuti yenye manyoya ndani. Hayo yalitengenezewa wawindaji wa nchi za theluji. Ukiyavaa huku, miguu itachemka kama muhogo chunguni.

Kwetu sisi Waislamu yapo mawili zaidi ya kuangalia. La kwanza ni bitana. Viatu vingine hutiwa ndani ngozi ya nguruwe, ambayo katika madhehebu yetu ya Shafi haiwi tohara hata ikitengenezwa vipi. Itazame kwa makini: mara nyingi vitundu vya vinyweleo vyake hukaa vitatu vitatu, kama mafiga. La pili ni udhu. Buti madhubuti linalofunika mguu pamoja na vifundo, likivaliwa mtu akiwa na udhu kamili, huweza kupanguswa juu yake badala ya kuosha miguu. Mkazi mchana na usiku wake, msafiri siku tatu na usiku wake. Kwa hiyo chagua lenye ulimi ulioshonwa pande zote mbili. Mchanga na upupu hautaingia, na mguu hautaonekana. Masharti mengine muulize shekhe wako.

Najua nitaambiwa kwamba mabuti ya namna hiyo ni ghali. Ni kweli. Lakini mpwa wangu alinunua ya rahisi, akalipa kwa mshahara wa msimu na kwa ngozi ya visigino vyake. Ipi basi iliyo ghali?

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kiatu kinapobana hajui muuzaji wala mjomba. Kijana akija tena kuniuliza, sitamwambia ni mazuri. Nitamwambia: "Yavae, mwanangu, tembea hata msikiti wa mbali na urudi, kisha wewe ndiye uniambie."