Kabla ya kuuza shamba kulipia upasuaji

Leo tuzungumze jambo ambalo familia nyingi hulifungia chumbani na ufunguo ukatupwa.

Tuseme wewe ni mzazi pale Kagio. Unauza nyanya na mchele wa Mwea, na mifungua mimba wako yuko chuo kikuu. Ulimpa jina la babu yake mzaa baba, kama ilivyo desturi ya Wagikuyu. Likizo moja anakuja nyumbani na kukuambia kwamba tangu utotoni amejihisi msichana, kwamba ameanza kumeza vidonge vya homoni alivyojinunulia mwenyewe kwenye duka la dawa, na kwamba akipata pesa za upasuaji moyo wake utatulia. Wewe una nusu ekari. Je, utaiuza?

Kuna mzazi atakayemfukuza mtoto usiku huo huo. Kuna mwingine ambaye kwa huruma atamwita dalali kesho yake asubuhi. Wote wawili wamefanya haraka, na haraka haraka haina baraka.

Kwanza tuelewane. Hapa hatuzungumzi juu ya mtu aliyezaliwa huntha, yaani mwenye maumbile ya jinsia mbili, ambao sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu 1,524 nchini Kenya. Tunazungumzia mtu ambaye mwili wake ni wa kawaida kwa macho ya mkunga, lakini nafsi yake haikubaliani nao. Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii katika orodha ya magonjwa ya akili, na orodha hiyo mpya ikaanza kutumika mwaka wa 2022. Haikuifuta kabisa, iliihamishia sura ya afya ya kijinsia, kwa sababu wenye hali hiyo wanahitaji huduma ya daktari.

Wala si jambo la Wazungu peke yao. Audrey Mbugua alifanya mtihani wa KCSE katika shule ya wavulana huko Kiambu mwaka wa 2001. Mwaka wa 2008 hali yake ilitambuliwa katika hospitali ya Mathari ya Nairobi (si ile Mathari ya Nyeri) akaanza matibabu. Cheti chake kilibaki na jina la kiume, na kila alipotafuta kazi kilimkana. Alikwenda mahakamani, na tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti kingine chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Hakimu hakuuliza kwanza kama amepasuliwa. Kumbuka jambo hilo, kwa maana vijana wengi hudhani kwamba bila kisu hakuna maisha.

Homoni hufanya nini?

Anayetaka mwili wa kike hupewa estrojeni pamoja na dawa ya kupunguza nguvu za homoni ya kiume. Baada ya miezi mitatu hadi sita matiti huanza kuota, ngozi hulainika, na mafuta ya mwili huhamia nyongani. Mabadiliko haya huendelea kwa miaka miwili au mitatu. Lakini sauti haibadiliki, na ndevu hazikomi. Anayetaka mwili wa kiume hupewa testosteroni, mara nyingi kwa sindano. Hedhi hukoma kwa kawaida katika miezi sita ya kwanza, ndevu humea, na sauti huwa nzito. Sauti ikishazama hairudi juu hata dawa ikiachwa. Na ajue kwamba testosteroni si dawa ya kupanga uzazi. Mimba inaweza kuingia.

Gharama ya homoni ni ndogo kwa mwezi, lakini ni ya miaka. Hatari yake kubwa hutokana na kujitibu gizani. Wapo wanaomeza vidonge vya kupanga uzazi kwa wingi kwa sababu ni rahisi kupatikana. Estrojeni iliyomo katika vidonge vingi vya aina hiyo huongeza hatari ya damu kuganda miguuni au mapafuni, hasa kwa mvutaji sigara. Dawa ya kupunguza homoni ya kiume inayotumika sana, spironolaktoni, inaweza kupandisha potasiamu mwilini na kuudhuru moyo. Testosteroni iliyopita kiasi huifanya damu kuwa nzito. Hakuna hata moja kati ya haya linaloonekana kwenye kioo. Yanaonekana maabara, na ndiyo sababu mwaka wa kwanza damu hupimwa karibu kila miezi mitatu. Jambo jingine: homoni huweza kuharibu uwezo wa kuzaa, na hilo lazungumzwe kabla ya kuanza.

Na upasuaji?

Upasuaji si mmoja. Kuondoa matiti ni kazi moja. Kuondoa korodani ni nyingine, nayo ni fupi na ya bei nafuu zaidi. Kutengeneza viungo vipya vya siri ni kazi kubwa ya saa nyingi inayohitaji mabingwa walioizoea. Wengi hutosheka na hatua moja tu, na wengine hawapasuliwi kamwe.

Ule wa bei nafuu una mtego wake. Aliyeondolewa korodani hatazaa tena, na mwili wake hauwezi kukaa bila homoni yoyote, la sivyo mifupa hudhoofika. Kwa hiyo bajeti ya dawa haikuisha pale. Aliyetengenezewa uke lazima autunze kwa vifaa maalum vya kupanulia, mara kadhaa kwa siku mwanzoni, na kuendelea kwa miaka. Watu husafiri hadi Thailand na India kwa upasuaji huu. Huko Afrika Kusini, hospitali ya umma ya Groote Schuur mjini Cape Town huufanya, lakini foleni yake ni ya miaka mingi. Bei unayotajiwa mara nyingi ni ya kisu tu. Tiketi ya ndege, malazi ya majuma kadhaa, mtu wa kukuuguza na kurekebisha kidonda kikikataa kupona havimo. Shamba lako linaweza kuisha uwanjani Jomo Kenyatta.

Basi ushauri wangu ni huu. Mwambie mwanao asiende tena kujinunulia vidonge. Mpeleke, naam, wewe mwenyewe, kwa daktari wa hospitali kubwa ya kaunti, apimwe damu, presha, ini na figo, kisha aandikiwe barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa homoni na kwa mshauri wa nafsi huko Nairobi. Pesa za kwanza ziende huko. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa huduma hii, WPATH, katika mwongozo wake wa 2022 kinapendekeza angalau miezi sita ya homoni kabla ya kuondoa korodani au ovari, kwa yule anayezitaka homoni. Miezi hiyo ni ya kuona, ni ya kuweka akiba, na ni ya kuuliza maswali: Daktari huyu amewafanyia wangapi? Nikitokwa na damu nikiwa Kagio, nani atanipokea? Asiyejibiwa maswali hayo asilipe hata senti.

Baada ya hapo uamuzi ni wake, maana ni mtu mzima na mwili ni wake. Wako ni mlango wa nyumba. Najua jina la baba mkwe linakuchoma moyoni, na majirani watanong'ona sokoni. Lakini anayefukuzwa nyumbani haachi vidonge. Huvinunua mahali pabaya zaidi, wala hana wa kumwambia kwamba mguu umevimba na kifua kinambana. Mwache aweze kukuambia wewe.