Manowari za China na kobalti ya Kongo

Kutoka Bukavu hadi baharini ni mbali, lakini nguvu ya jeshi la majini la China inahusu mali ya Wakongomani. Mwaka 2017 Beijing ilifungua Djibouti kambi yake ya kwanza ya kijeshi nje ya nchi, na manowari zake zinapiga doria hadi Bahari ya Hindi. Ni bahari hiyo hiyo inayopitisha kobalti ya Kongo, kupitia Dar es Salaam na Durban, kwenda kusafishwa China.

Bukavu ilipotekwa na M23 katikati ya Februari 2025, China ilitoa kura tu. Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama lilipitisha kwa kauli moja azimio 2773, likiitaka M23 iondoke na Rwanda iondoe wanajeshi wake. Waasi hawakuondoka. China ina marafiki Kigali pia, na haitagombana nao bure.

Siku iliyofuata, Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwa miezi minne. Hatua hiyo inasikika Beijing kuliko hotuba yoyote! Lakini ilichukuliwa kwa sababu kobalti ilijaa sokoni na bei ikaanguka, si kwa ajili ya Bukavu. Kama serikali inaweza kufunga bomba kwa ajili ya bei, kwa nini isiweke mezani pia uwanja wa ndege wa Kavumu na benki zilizofungwa Bukavu?

Oktoba 2025 zuio liliondolewa. Kila kampuni ilipangiwa tani zake. Kuhusu Kavumu, hakuna sharti lililowekwa.