Tuwahoji Wasanii Wetu Wangali Hai

Asiyekuwapo na lake halipo, walinena wahenga. Hata hivyo, liko jumba moja la sanaa nchini Denmark ambalo limeipa methali hiyo kipingamizi.

Jumba hilo huitwa Louisiana. Lilifunguliwa mwaka wa 1958 na Knud W. Jensen katika mji mdogo wa Humlebæk, ufuoni mwa bahari, kaskazini mwa Copenhagen. Mwaka wa 2012 lilianzisha idhaa ya video katika intaneti ambamo wachoraji, wachongaji, wasanifu majengo na waandishi huzungumzia kazi zao. Aghalabu anayehoji haonekani wala hasikiki. Msanii huachiwa uwanja aeleze kwa kinywa chake jinsi wazo lilivyomjia na jinsi alivyohangaika nalo. Yeyote mwenye intaneti aweza kutazama bila malipo.

Miongoni mwa waliohojiwa wamo Binyavanga Wainaina, aliyefariki mwaka wa 2019, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka mwaka wa 2025. Wao hawapo, lakini lao lipo. Mwanafunzi wa Kitui au Kakamega ambaye hakubahatika kukutana nao aweza leo kuwasikia. Nawashukuru Wadenmark kwa hisani hiyo. Linalonikera ni kwamba sisi wenyewe tumelala.

Mfikirie Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka wa 1928. Alisomea sanaa Makerere mapema katika miaka ya 1950, akafundisha shuleni kwa miaka mingi, kisha utu uzimani akaanza kubandika vipande vya karatasi za sabuni na pakiti za unga hata vikawa picha zilizosifiwa ng'ambo. Alifariki mwaka wa 2021. Je, ni wanafunzi wangapi wa Kenya wanaoweza kumtaja, sembuse kueleza alivyofanya kazi? Tena, moto ulipozuka katika jumba la Paa ya Paa, Nairobi, mwaka wa 1997, kazi nyingi za sanaa ziliteketea. Kazi ikiungua na mwenyewe akifa bila kuhojiwa, tutamwuliza nani?

Wapo watakaodai kwamba hatuna fedha za Wazungu. Sikubaliani nao. Jambo hili lahitaji simu yenye kamera, chumba kitulivu na maswali yaliyoandaliwa vyema. Ni kweli kwamba video haiwezi kushika nafasi ya kinyago au picha yenyewe. Lakini kinyago hakiwezi kusimulia kilivyochongwa.

Mwezi wa Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Sekondari Pevu, ambako Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya masomo. Basi kila shule na imtafute msanii mmoja wa eneo lake kila mwaka: mfinyanzi, msusi wa vikapu, mchongaji au mchoraji wa matatu. Wanafunzi wamhoji kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, nakala moja ibaki shuleni na nyingine ipelekwe katika Makavazi ya Kitaifa.

Walimu wenzangu, tusingoje waraka kutoka wizarani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na wazee wetu hawatatungoja.