NESI ANATIBU, SERIKALI IMEFUMBA MACHO

Kijana wa Manzese, mama yako akiugua kule kijijini, nani humpima na kumpa dawa? Mara nyingi ni nesi. Kwenye makaratasi kazi hiyo ni ya tabibu, lakini tabibu hayupo, au yuko semina.

Mwaka 2007 Serikali ya CCM ilitangaza MMAM: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Majengo yakapigiwa picha za kampeni. Watumishi je?

Afrika Kusini, mwaka 2010, iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuwaanzishia wagonjwa ARV bila kusubiri daktari. Uingereza, tangu 2006, nesi aliyesomea kazi hiyo huandika karibu dawa zote. Hapa kwetu nesi akiokoa mtu, kimya. Mambo yakiharibika, anaulizwa: nani alikutuma?

Afundishwe, apewe kibali cha kisheria, alipwe kwa kazi anayoifanya. Na daktari wa wilaya awe mwenzake wa kumpigia simu usiku, siyo mkaguzi wa kuvizia makosa.

Wapo pia wauguzi waliohitimu wanaouza mitumba Kariakoo. Unawajua, mnagombea nao daladala. Mgombea akija na fulana zake, muulize kwanza lini wataajiriwa.