Kadi Mpya kwenye Kompyuta ya Zamani
Hospitali inayotafuta kadi ya michoro ya kuundia taswira za pande tatu kutokana na picha za CT huweza kuambiwa ibadili kompyuta nzima, eti sloti ya zamani itaibana kadi. Hoja hiyo, wapendayo wauzaji, ni dhaifu. Picha 500 za nukta 512 kwa 512 hufikia takriban megabaiti 260. Sloti ya PCI Express toleo la 3 yenye njia 16 hupitisha karibu gigabaiti 16 kwa sekunde. Mgonjwa hachelewi. Kinachobana ni kumbukumbu ya kadi: ikijaa, data huenda na kurudi kupitia sloti, na hapo wembamba wa njia hudhihirika. Afadhali fedha zinunue kadi yenye kumbukumbu kubwa, mradi umeme wa kompyuta uimudu.