Kompyuta Nayo Ijibu Dodoso

"Mfumo umesema." Wasomaji wa safu hii mnaujua ugomvi wangu na kauli hiyo. Kwenye dirisha la huduma inaudhi tu. Mahakamani inafunga watu. Karatasi ya minara ya simu, inayoonyesha simu ya mshtakiwa ilinaswa na mnara upi, ikishasomwa, ukumbi mzima unakubali kwamba mshtakiwa alikuwepo, kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Denmark nao waliamini hivyo. Mwaka 2019 ikagundulika kuwa programu ya polisi ya kubadili data ghafi za kampuni za simu ilikuwa ikidondosha baadhi ya taarifa, na simu nyingine zikihusishwa na minara isiyo yake. Agosti mwaka huo data hizo zikasimamishwa mahakamani kwa miezi miwili, kesi zaidi ya 10,000 zikapitiwa upya, mahabusu 32 wakaachiwa.

Wapelelezi watasema tukishuku kila kielelezo, matapeli watatoka mahakamani wakitucheka. Hoja ina uzito, ila inasahau kwamba taarifa iliyodondoshwa huenda ndiyo ingemtia hatiani mhalifu. Kupima nako si kazi ya miujiza. Florida, mwaka 2011, katika kesi ya mama aliyeshtakiwa kumuua mwanawe, upande wa mashtaka ulidai kwamba ukurasa wa klorofomu ulifunguliwa mara 84 kwenye kompyuta ya nyumbani. Programu nyingine, ikisoma kumbukumbu zilezile, ilitoa jibu la mara 1. Aliyetengeneza ile programu ya kwanza alikiri mwenyewe kwamba ilikosea. Mama yule hakutiwa hatiani kwa shtaka la mauaji, lakini idadi ile ilikwishatangazwa dunia nzima.

Wengine watasema sheria inatosha. Kweli, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania, ya mwaka 2015, kinamtaka hakimu apime jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa. Lakini atapima nini, ikiwa hakuna anayeuliza? Uingereza ilifuta mwaka 1999 sharti la kuthibitisha kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Katika kesi zilizotokana na hesabu zenye kasoro za Horizon, mfumo wa kompyuta wa posta ya huko, watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, na mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu kwa mamia. Basi wakili, ukiletewa karatasi ya minara, omba data ghafi na jina la programu iliyozisoma kabla hujasema huna pingamizi.